Uyoga wa Kwetu Hauoshwi

Kifurushi kilipofika kutoka Mwenga, kijijini kwao, mama hakukifungua mara moja. Alikiweka mezani, akainamisha uso juu yake kama mtu anayenusa utosi wa mtoto mchanga. Majani mapana ya msituni yaliyokifunika yalikuwa yamekauka na kupasuka njiani, na kwenye nyufa zake ilitoka harufu ya moshi. Haukuwa moshi wa makaa tuliouzoea mjini. Ulikuwa moshi wa kuni za msitu wenye mvua, mzito, mtamu kidogo, moshi wa nyumba moja tu duniani. Mama alifumba macho. Baba, aliyekuwa kwenye kochi bado na abakosti yake, suti ya kazini isiyo na tai, aliteremsha gazeti, akamtazama mkewe, akatabasamu, akalipandisha tena.

Ndani mlikuwa na uyoga. Ule mdogo mweupe uotao kwenye vichuguu baada ya mvua ya kwanza, ule mpana wa rangi ya kutu, na chini kabisa, peke yake katika jani lake, ule mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo yaliyoanguka. Huo wa mwisho hauliwi. Unapondwa, unachemshwa, na maji yake machungu hunywewa na mtu aliyevimba au mwenye maumivu ya kiuno. Bibi yangu, mama yake mama, alijulikana kijijini kwa dawa hiyo. Watu walivuka mito kumfuata.

Kwa Walega, watu wa mama, msichana aliyeolewa mbali hasahauliwi mvua zinapoanza. Mama yake humtafutia uyoga, huukausha juu ya moto uleule aliolelewa kando yake, na kumtumia. Na uyoga huo hauoshwi. Ule wa soko la Kadutu utauosha, tena mara nyingi upendavyo, kwa sababu huujui mkono ulioushika. Lakini uyoga wa mama yako unaingia sufuriani na moshi wake. Ukiuosha, umeosha mkono wa mama yako, na maji unayomwaga uani ni upendo wake. Mama alinifundisha hivyo siku nilipotaka kuusuuza mbele yake. Hakunigombeza. Alinishika kiwiko tu, akanivuta taratibu kutoka kwenye beseni.

Baba hakuugusa. Yeye ni Mushi, wa kabila la Washi wa huko Walungu, amelelewa na maharage, ndizi na maziwa, na aliwaona watu wa msitu kama viumbe wanaokula chochote kilichoota usiku.

"Siku moja mutakula na mawe, bora yaote tu," alimwambia mama.

"Na nyiye munalala na ng'ombe mu nyumba moja, hamujui nani njo bibi nani njo ng'ombe," mama alimjibu, akiendelea kupuliza mchuzi.

Walitaniana hivyo miaka yote ya ndoa yao. Sisi watoto tulionja tu, kwa kuwa moshi ule ulitukereketa kooni na mama hakutulazimisha. Ulikuwa wake. Aliuweka ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, kwenye kabati la juu, na alipokuwa na huzuni nilimsikia akilifungua na kulifunga bila kutoa kitu.

Tuliishi Nguba, mjini Bukavu, katika nyumba ya kazi ya baba, na kati ya miti ya maparachichi ziwa lilionekana vipande vipande kama kitambaa kilichochanwa. Mama hakulipenda sana ziwa. Alisema maji makubwa namna ile hayana ng'ambo ya kumwita mtu. Alikuwa mtu wa vijito, vya kuvuka na kikapu kichwani huku unazungumza.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipowafungulia wananchi dhahabu, na kila mwenye koleo aliweza kwenda kuchimba. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliacha mihogo na mitego yake akashuka mtoni. Tangu hapo vifurushi havikuletwa tena na madereva wa malori. Alivileta mwenyewe kila alipokuja Bukavu kuuza, na nyumba ilijaa kicheko tangu alipovua viatu mlangoni. Mjomba alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na hakuna mtu aliyemchekesha mama kama yeye. Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, hata mbele ya wageni wa baba, na kumwuliza kama tayari amesahau kulala chini.

Siku moja alitutolea chupa ndogo mfukoni. Alimwaga tone kwenye sahani, na tone halikusambaa. Lilisimama, likang'aa, likakimbia. Wadogo zangu walilifukuza kwa vidole kutoka ukingo hadi ukingo, likagawanyika matone mengi, yakakutana tena na kuwa moja kama vile hayajawahi kutengana. Vitabuni inaitwa zebaki. Mjomba aliiita merikiri, kama walivyoiita wote waliochimba. Mama pia aliinama mezani, akaisukuma kwa ncha ya kidole akicheka. Nilifikiri sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kilikuwa kama kipande cha ziwa la asubuhi kilichokubali kuingia ndani ya nyumba.

Mjomba alitueleza kazi yake. Mchanga wa mtoni una dhahabu laini kama unga, haishikiki kwa mkono. Merikiri huikusanya kama kuku anavyokusanya vifaranga. Unapata kidonge kimoja cheupe, unakiweka juu ya moto, merikiri inaondoka na dhahabu inabaki.

"Inaondoka kuenda wapi?" baba aliuliza.

"Yulu, shemeki. Kwa Mungu." Mjomba alinyoosha kidole juu.

Tulicheka sote. Baba alicheka hadi akafuta miwani.

Ugonjwa wa mama haukuja kama ugonjwa. Ulikuja kama tabia mbaya. Mama yangu, aliyekuwa akiomba radhi hata kwa mlango alipoubamiza, alianza kukasirika. Alimfokea muuza maziwa, akamfokea baba kwa kukohoa. Kisha akaanza kuwaogopa watu. Jirani akibisha hodi, mama alijificha chumbani na kunituma niseme hayupo, nami nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, akitetemeka kama mtu aliyenyeshewa. Alilalamika kwamba kila chakula kina ladha ya sarafu. Fizi zake zilitoka damu. Alisahau majina ya siku, na mara moja, mbele ya wageni, alisahau jina la mdogo wangu wa mwisho, akanitazama nimsaidie.

Halafu akaanza kuvimba. Miguu kwanza, kisha macho asubuhi, kisha mwili mzima, hadi pete yake ya ndoa ikazama kidoleni. Baba alimpeleka kwa mganga mmoja wa zahanati aliyemwandikia vidonge vya moyo. Havikusaidia kitu.

Hapo ndipo shangazi zangu, dada zake baba, walipofika kutoka Walungu. Walimtazama mama, wakatazamana. Walimchukua baba uani, na nilipopeleka viti niliwakuta wameshamaliza. Walisema hii ni sumu. Mtu wa mjini amempa. Anavimba, anatetemeka, anaogopa watu, ladha imepotea kinywani: nani asiyejua dalili zake? Walitaja majirani mmoja mmoja kwa kuonyesha kidevu upande wa nyumba zao. Na shangazi mkubwa, mwanamke mwema aliyempenda mama kuliko ndugu zake wa tumbo moja, aliingia chumbani, akamshika mikono miwili, akampa shauri ambalo mtu yeyote wa huku kwetu angempa.

"Sikia, muke wetu. Usikule tena kwa mukono ya mutu. Hata kwangu usikule. Kula kile kinatoka kwa mama yako tu. Mama hawezi kukuua."

Mama aliitikia kwa kichwa, machozi yakimshuka. Kwa mara ya kwanza katika majuma mengi nilimwona ametulia.

Tangu siku hiyo alikula uyoga. Asubuhi mchuzi wake, jioni mchuzi wake, na katikati maji ya ule uyoga wa magogo, kwa kuwa alivimba na hiyo ndiyo dawa ya kuvimba. Habari zilifika Mwenga kwamba mwana ni mgonjwa, na bibi akaingia msituni na kikapu kama mwanamke nusu ya umri wake. Vifurushi vilikuja vikubwa kuliko zamani. Mjomba alisema bibi hazungumzi na mtu, anatafuta tu, anaokota kando ya mto wanakosafishia mchanga, anakwangua magogo, anapanga juu ya moto, anageuza. Hali hata kipande kimoja. Vyote ni vya binti yake.

Nami nilipika. Sikuosha. Nilikuwa nimemaliza shule, nikiandika hadithi zangu za kwanza ambazo tulisomeana na vijana wenzangu kwenye ukumbi wa parokia, na nilipokoroga sufuria ile nilijisikia nimo ndani ya kitu kikubwa na cha kale: bibi, mama, mimi, na moshi mmoja unaotupitia. Nilikuwa nikimlisha mama yangu kwa mkono wa mama yake. Hakukuwa na kazi nzuri kuliko hiyo duniani.

Alizidi kuvimba. Shangazi walisema sumu inatoka. Kisha siku moja mkojo ukakatika kabisa, na baba, ambaye hakuwahi kupaza sauti dhidi ya dada zake, aliwasukuma pembeni, akambeba mama hadi kwenye gari la jirani. Ni jirani yuleyule ambaye jina lake lilikuwa limetajwa kwa kidevu. Alituendesha hadi hospitali bila kuuliza kitu, na njia nzima mama alijifunika uso kwa kitenge asimwone.

Daktari alikuwa Mzaire wa makamo, mpole, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi kwenye kambi ya machimbo kabla ya kurudi mjini. Alimpima mama, akasema figo. Alirudi kesho yake, akarudi tena, akisimama miguuni pa kitanda kama mtu anayetafuta neno lililomtoka.

Neno hilo lililetwa na mjomba. Alikuwa ameshuka kwenye lori, akaja moja kwa moja hospitalini na vumbi lake, akataka kumnywesha dada yake maji. Kikombe kilimtetemekea mkononi hata maji yakamwagikia shuka. Alijaribu tena, akacheka, akasema barabara imemtikisa hadi mifupa. Daktari alikuwa mlangoni. Alimtazama kwa muda, kisha akaingia na kuketi kwenye kitanda cha pili kilichokuwa kitupu.

"Sitwayeni, unafanya kazi gani?" alimwuliza, akimwita raia kama ilivyoamriwa miaka ile.

"Minachimba, dokta."

"Nyoosha mikono. Fungua kinywa."

Mjomba alifungua kinywa, akakifunga. "Dokta, mugonjwa ni ule wa kitanda."

"Najua. Weye njo utaniambia ugonjwa yake. Merikiri unachomea wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mjomba alitutazama, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya biashara. Huko mtoni kuna wezi, alisema, na kuna wanajeshi ambao ni wezi pia. Mtu akionekana na moto na kidonge, atafuatwa. Kwa hiyo yeye alikuwa na akili.

"Minachomea jikoni ya maman. Asubuhi, akiisha kuenda shamba. Nani ataingia jikoni ya mwanamuke muzee?"

"Na yulu ya moto kuko nini?"

"Kuko uchanja tu, dokta. Bijiti."

"Na yulu ya uchanja?"

"Hakuna kitu. Uyoga ya maman."

Alikuwa bado anatabasamu aliposema hivyo. Nilimwona mjomba akisubiri swali lingine, kisha nikaona tabasamu likimtoka polepole, likiacha uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mzee. Alitazama kikombe. Alitazama miguu ya dada yake.

Daktari alitueleza mimi na baba pembeni, kwa sauti ya mtu anayechukia anachokijua. Merikiri haiendi kwa Mungu. Inapanda kama moshi usioonekana, inakutana na kitu cha baridi, inakaa. Uyoga ni kama sifongo, unanywa. Unaoota kando ya mto wanakosafishia dhahabu unainywa ardhini, na ule wa kwenye uchanja unaivuta hewani kila asubuhi, juma baada ya juma, na kadiri unavyokauka ndivyo inavyobaki humo. Mtu akila kidogo mara moja pengine hatajua. Mtu asiyekula kitu kingine chochote ni habari tofauti. Alisema hawezi kuapa, kwa sababu hapa Bukavu hakuna mashine ya kuipima. Alichukua uyoga kidogo kutoka kopo letu, akautia katika chupa, akamkabidhi padri mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Ulaya. Jibu halikurudi kamwe. Alisema kuna dawa ya kuitoa mwilini na haiko hapa, na baba alipouliza iko wapi, alitaja Kinshasa kwa namna ambayo tulielewa kwamba huenda haiko hata huko. Kisha akasema kwamba hata ikipatikana, kwa figo zile imekwisha chelewa.

Baba alirudi nyumbani kulitoa lile kopo kabatini. Nilimkuta uani amelikumbatia, amesimama tu. Hakujua alitupe wapi. Ziwani watu wanavua sambaza, wale samaki wadogo, bustanini tunapanda, shimoni maji yanapita. Mtu huyu aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliyetania uyoga ule kwa miaka mingi, alizunguka na kopo kifuani hadi akaketi juu ya tofali, akalia kama mtoto. Mwishowe alilifunga kwa plastiki na kulizika nyuma ya ua, ndani sana, na tangu hapo hatukupanda kitu upande ule.

Mama alikuwa amesikia. Tulidhani amelala, lakini aliyasikia yote ya uchanja. Mjomba alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji la uso wake kwenye chuma, na mama akamwekea mkono kichwani, ule mkono uliovimba kama wa mtu mwingine. Alimwuliza jambo moja tu.

"Maman anakula pia?"

"Hapana, yaya. Yote anakutumia."

"Basi aksanti kwa Mungu." Akapumzika kidogo kabla ya kumaliza. "Hapana kumuambia. Hata siku moja. Musikie bote."

Tulikubali. Nani angemkatalia?

Siku zilizofuata mama alikuwa hapa na hakuwa hapa. Mvua ilinyesha juu ya mabati ya hospitali kwa ukali ambao ulifanya wodi nzima inyamaze. Nilimpikia mchuzi wa ndizi katika chungu kipya, nikaosha kila kitu nilichoweza kuosha, nikampelekea. Alionja, akageuza uso.

"Haina moshi," alisema.

Alasiri moja alifumbua macho, akanitazama kwa furaha ambayo haikuwa yangu. Alizungumza Kilega, kwa sauti ya msichana. Aliniita mama. Aliniuliza kama nimemletea. Kilega changu ni kidogo, cha kusalimia na kuomba chumvi, lakini hilo nililielewa, nikamjibu kwamba nimemletea, mwingi, wote wa mwaka huu. Akauliza kama mvua imeanza vizuri. Nikasema imeanza vizuri. Alinyoosha mkono kupokea, nami nikaweka mkono wangu mtupu ndani yake, naye akaufunga. Alifariki jioni hiyohiyo, mvua bado ikinyesha, baba akiwa ameshika miguu yake.

Barabara ya Mwenga ilikuwa imekatika kwa matope. Bibi alifika tulipokwisha kuzika. Aliteremshwa kwenye lori na mjomba aliyekwenda kumchukua, mwanamke mdogo, mnyoofu, kitenge kimefungwa kwapani kwa safari. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka walianza kulia upya walipomwona, lakini yeye aliwapita, akaja hadi nilipokaa, akanishika kidevu kutafuta uso wa binti yake ndani ya uso wangu. Aliketi. Alipopata pumzi aliuliza alichokuja nacho njia nzima.

"Dawa yangu ilimufikia?"

"Ilifika, koko," nilimjibu, nikimwita bibi kama tulivyozoea.

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

"Yote?"

"Yote, koko."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Aliwageukia wanawake, akawaambia kwamba binti yake hakufa kama mtu asiye na kwao. Alikufa ameshiba mkono wa mama yake. Wanawake wakaitikia. Mjomba alisimama, akaenda nyuma ya nyumba, na tukamsikia akikohoa huko kwa muda mrefu kama mtu aliyepaliwa.

Pengine ningeilinda ahadi yangu kwa mama hadi leo. Nilikuwa nimekusudia hivyo. Lakini bibi alimvuta mdogo wangu wa mwisho, akamkalisha mapajani, akamtazama meno, akampima mkono kwa vidole viwili, akasema amekonda. Kisha akaniambia mimi, taratibu, kama mtu anayepanga upya nyumba iliyobomoka, kwamba tusiogope. Mvua ikianguka tena, atatutumia. Sasa ni mimi niliye binti yake aliye mbali, na mtoto huyu atakula, atanona. Alisema amebakisha mzigo mzima juu ya uchanja nyumbani, aliokuwa akimkaushia marehemu, hakuwahi kuutuma.

Nilimtazama baba. Alikuwa ametazama chini. Nilimwomba bibi aje chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia. Nilisema kwa Kiswahili changu cha mjini, na pale maneno yaliponiishia nilionyesha kwa mikono: moto, kidonge, moshi, fito, uyoga. Sikumwambia kwamba ni kosa lake, wala kosa la mwanawe. Nilijaribu kusema kwamba ni kosa la kitu kisichoonekana. Alisikiliza bila kunikatiza. Watu wa nje walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani, na ulikwisha, na mwingine ukaanza.

"Hata dawa?" aliuliza mwishoni.

"Hata dawa, koko."

Hakulia. Alitazama mikono yake iliyolala mapajani, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Kisha akaomba apelekwe kaburini. Nilimsindikiza. Alipiga magoti kwenye udongo uliokuwa bado mwekundu na laini, akazungumza Kilega kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, nami nikasogea mbali ili yawe ya watu wawili. Viangazi vingi vimepita tangu siku ile na bado sijui alisema nini. Niliona tu kwamba kila mara alinyamaza, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu.

Alikaa nasi matanga yote. Alisaidia kumenya, kufagia, kubembeleza watoto, lakini chungu kilipoiva alirudi nyuma, akamwachia mtu mwingine kupakua. Mdogo wangu akimwomba kipande cha ndizi mkononi mwake, alimwonyesha sahani akachukue mwenyewe.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi Kadutu, mahali malori ya Mwenga yanapopakia. Dereva alikuwa amempa nafasi mbele, karibu naye, kwa heshima ya umri na msiba. Alikataa. Alitaka kukaa nyuma, juu ya magunia, na mwanawe. Lakini kabla ya kupanda alimsimamisha mjomba kando ya gurudumu, mbele yangu na mbele ya baba.

"Sema," alimwambia.

Mjomba alijua anachotakiwa kusema. Nadhani walikuwa wamekwisha kukisema usiku kucha. "Sitachoma tena jikoni, maman."

"Sema yote."

"Sitachoma tena merikiri jikoni. Yako ao ya mutu. Wala fasi yote kwenye kuko chakula."

"Na uchanja?"

"Nitavunja uchanja, na ule muzigo. Hapana kuchoma. Nitazika."

"Na weye?"

Hapo mjomba alitazama gurudumu. Daktari alikuwa amemwambia aache kabisa, akae mbali na kazi ile, labda mikono itatulia, labda kichwa kitarudi. Lakini alikuwa na watoto wake kijijini, na mihogo ilikuwa imemezwa na magugu, na mto ulikuwa palepale. Sote tulisubiri. Watu walipitisha makreti ya bia na mikungu ya ndizi juu ya vichwa vyetu.

"Na miye nitaacha," alisema.

Sijui kama aliamini. Sijui kama bibi aliamini. Alimtazama kwa jicho la mtu aliyebakiwa na mtoto mmoja.

"Sema tena, kutoka mwanzo."

"Maman, nimeisha kusema."

"Weye unasahau siku hizi," bibi alisema. "Sema tena."

Dereva alipiga honi. Vijana wa lori walimnyanyua bibi wakampandisha, mjomba akafuata, akateleza mara moja kwa sababu mkono haukushika vizuri ubao. Gari likaanza kupanda kilima, likitema moshi mweusi, nasi tukalifuata kwa miguu kidogo kama watu wanavyofanya. Kati ya mbao za ubavuni niliwaona wameketi wakitazamana, magoti yakigusana. Sikuweza kuwasikia tena. Niliona kinywa cha bibi kikifunguka mara moja, kifupi, na cha mjomba kikijibu kwa muda mrefu, kisha kinywa cha bibi tena.